Spika za mezani: pima meza kabla ya kupima spika

Kunja blanketi mara mbili, litandike juu ya meza, kati ya spika na viwiko vyako, kisha weka wimbo wa mtu mmoja anayeimba na gitaa. Sikiliza kwa dakika moja, halafu livute blanketi wimbo ukiwa bado unapiga. Sauti ya mwimbaji itabadilika. Kwenye meza yangu ilikuwa hivi: blanketi likiwepo, mtu alikuwa mbele yangu anaimba, lilipotoka, mtu yuleyule akawa kama ameinamia mtungi. Spika zilikuwa mpya, nami kwa wiki mbili nilikuwa nimeamini kwamba nimenunua kitu kibovu. Kumbe iliyokuwa ikiharibu wimbo ni meza.

Ninaanzia hapo kwa sababu ushauri mwingi wa kununua spika ndogo za rafuni, zile boksi mbili zenye koni ya besi (sauti nzito) chini na twita, koni ndogo ya sauti nyembamba, juu, huanzia kwenye ukubwa wa koni na wingi wa wati. Anayesikiliza muziki mezani ana hali yake tofauti. Amekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye spika. Kati yake na spika kuna ubao mpana, bapa, mgumu. Nyuma ya spika, mara nyingi, kuna ukuta usiofika hata nusu mita. Mambo hayo matatu yanaamua zaidi kuliko jina lililobandikwa kwenye boksi, na yanapindua maana ya karibu kila namba utakayoisoma kwenye karatasi ya vipimo.

Tuimalize kwanza habari ya meza. Sauti hufika sikioni kwa njia mbili: moja inatoka kwenye spika moja kwa moja, nyingine inashuka mezani, inadunda, ndipo inafika ikiwa imechelewa kidogo. Chukua vipimo vya kawaida. Kitovu cha koni ya besi kiko sentimita 12 juu ya meza, sikio liko sentimita 45 juu ya meza, na kutoka spika hadi kwako ni sentimita 75. Njia ya moja kwa moja ina urefu wa sentimita 82 hivi, ile ya kudunda ina 94. Tofauti ni sentimita 12 na kitu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 1,400 (mitetemo 1,400 kwa sekunde) lina urefu wa karibu sentimita 24.5, na ile tofauti ni nusu yake. Maana yake wimbi lililodunda linafika likishuka wakati lile jingine linapanda, na mawili hayo yanafutana. Hz 1,400 ni katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Chini ya hapo mambo yanageuka: mawimbi yanafika karibu pamoja na kuongezeana, na ndiyo sababu sauti inavimba kifuani huku ikikosa uwazi. Ule mtungi umetengenezwa hivyo.

Sasa inua spika ile ile mpaka kitovu cha koni kiwe sentimita 30 juu ya meza. Wimbi la kudunda linasafiri sentimita 106 badala ya 94, linafika likiwa limepungua nguvu zaidi ukilinganisha na lile la moja kwa moja, na shimo, yaani pale mawimbi yanapofutana, linahamia karibu na Hz 580 likiwa na kina kidogo. Halijaisha, ila limeacha kuuma. Ukiielekeza spika juu kidogo ili twita ikutazame usoni, unapata nafuu nyingine, maana twita hurusha sauti yake nyingi mbele na kidogo tu kuelekea chini.

Kwa hiyo swali la kwanza unapochagua si spika ipi ni kubwa. Ni spika ipi utaweza kuinua. Boksi la kilo nane lenye koni ya inchi 6.5 linapendeza kwenye picha, lakini likikaa juu ya stendi ndogo mezani linatikisika ukigusa meza, na lisipoinuliwa twita yake inaimbia kidevu chako. Boksi la inchi 4 au 5 juu ya stendi ya sentimita 15 litakupa muziki safi kuliko hilo kubwa lililokaa juu ya ubao. Nimejaribu yote mawili kwenye meza moja, na sijatamani kurudi kwenye kubwa.

Kusikiliza kwa karibu hakukuanzia kwenye meza za kompyuta. Mwaka 1954, Edgar Villchur na wenzake wa Acoustic Research kule Marekani walionyesha kwamba boksi dogo lililozibwa, ambamo hewa ya ndani yenyewe inafanya kazi ya springi, linaweza kutoa besi ya kweli. Kabla ya hapo besi nzuri ilidai boksi la ukubwa wa kabati. Katika miaka ya 1970 BBC ya Uingereza ikatengeneza spika ndogo, LS3/5A, kwa ajili ya mafundi waliofanya kazi ndani ya magari ya matangazo, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata hatua moja. Na mwaka 1978 Yamaha ikatoa NS-10 kama spika ya nyumbani. Haikusifiwa sana sebuleni, lakini mafundi wa studio wakaiweka juu ya mashine zao za kuchanganyia muziki, karibu na uso, na koni zake nyeupe zikaonekana kwenye studio dunia nzima. Mafundi hao waligundua jambo moja: ukisogea karibu, sauti ya spika yenyewe inaizidi nguvu sauti inayodunda kutoka kwenye kuta, na chumba kinapungua ushawishi. Hiyo ndiyo zawadi ya mezani. Chumba kibaya hakikuumizi kama kinavyomuumiza mtu aliyekaa kwenye kochi mita tatu kutoka kwenye spika.

Zawadi hiyo inaondoa pia hofu ya wati. Spika nyingi ndogo zisizo na amplifaya ndani huandikiwa usikivu wa desibeli 85 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): ukiipa wati 1, ukisimama mita 1, unapata desibeli 85. Ukisogea hadi sentimita 70 unaongeza kama desibeli 3. Spika zikiwa mbili, nyingine 3. Tayari uko kwenye 91 kwa wati 1 kila upande. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Kwenye 91 unabaki na saa 2. Anayesikiliza akiwa anafanya kazi huwa karibu na 70 au 75, na mapigo ya ngoma yanayoruka juu ya wastani kwa desibeli 20 bado yanahitaji wati chache tu. Wati 30 na wati 100 mezani ni kitu kimoja. Muuzaji akikusisitizia wati, muulize kuhusu mambo yanayofuata hapa.

La kwanza ni mvumo wa twita. Spika zenye amplifaya ndani hutoa sauti laini ya "shhh" hata muziki ukiwa umezimwa. Sebuleni hakuna anayeisikia. Ila kutoka mita 3 hadi sentimita 75 umepunguza umbali nusu mara mbili, na kila nusu inaongeza kama desibeli 6, kwa hiyo mvumo unakufikia ukiwa na desibeli 12 zaidi. Usiku, nyumba ikiwa kimya, unakuwa nao kati ya wimbo na wimbo. Washa spika bila muziki, weka sikio pale kichwa chako kitakapokuwa, ukiwa mahali palipotulia. Dukani penye watu hutasikia kitu, kwa hiyo jaribio hili linafaa kufanywa nyumbani, ndani ya siku ambazo bado unaruhusiwa kurudisha.

La pili ni namna koni na twita zinavyoungana. Ndani ya boksi kuna krosova, mzunguko unaogawa sauti: za chini zinakwenda kwenye koni ya besi, za juu kwenye twita, na mpaka wao mara nyingi huwa kati ya Hz 2,000 na 3,000. Pale mpakani zote mbili zinaimba sauti moja kwa pamoja, kwa hiyo sauti zao lazima zifike sikioni kwa wakati mmoja. Ukikaa mita 3 mbali, ukijinyanyua sentimita 10 kwenye kiti, pembe yako kwa spika inabadilika kama nyuzi 2. Ukikaa sentimita 70, sentimita zile zile 10 ni nyuzi 8. Mezani mtu hujinyoosha, huinama kuandika, huegemea kiti, na kila mara muungano ule unavurugika kidogo. Ndiyo sababu sizipendi spika ndefu zenye koni tatu zilizoachana kwa matumizi haya, na ndiyo sababu kulaza boksi ubavu ili lienee chini ya skrini ni kosa: umeugeuza mvurugiko huo kutoka juu-chini kuwa kushoto-kulia, na kushoto-kulia ndiko kichwa kinakocheza zaidi. Zipo spika zinazoweka twita katikati ya koni ya besi, sauti yote ikitoka sehemu moja. Kampuni ya Tannoy ilikuwa na muundo huo tangu 1947, KEF wakaja na wao mwaka 1988, na leo wako wengine. Kwa mtu wa mezani muundo huo una faida halisi. Kama spika mbili zinakaribiana kwa mengine yote, ningechukua hiyo.

Sasa besi, ambako watu wengi hupotelea.

Kuna kanuni inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya KLH: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na usikivu mkubwa, unapata mawili, la tatu unalisamehe. Hakuna spika iliyoivunja. Spika ya inchi 4 inayoshuka chini sana imelipia kwa kitu kingine, kwa kawaida uwezo wa kupiga kwa nguvu. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi lenye nyuzi nne ni Hz 41, na ya piano ni 27.5. Boksi dogo la inchi 4 kwa kawaida huanza kuchoka karibu na Hz 60. Mbona basi unasikia gitaa la besi? Kwa sababu kila noti huja na sauti zake za juu: ile ya 41 inakuja na 82, 123 na kuendelea, na ubongo ukizisikia hizo huijaza ile ya msingi ambayo haipo. Wimbo wa besi unaufuata vizuri. Unachokosa ni uzito wake mwilini, ule mtikisiko wa ngoma kubwa. Kama muziki wako ni sauti, gitaa, piano na tarumbeta, hutakosa mengi. Kama unaishi kwa muziki wa dansi wa kompyuta, utakosa, na ni heri ulijue kabla hujalipa.

Lakini ukuta nao unachangia. Besi haielekei mbele tu. Inazunguka boksi pande zote, inaufuata ukuta wa nyuma na kurudi. Uso wa spika ukiwa sentimita 50 kutoka ukutani, kurudi kwake kunafuta sauti karibu na Hz 170, mahali ambapo kuna sauti za wanaume na nyuzi nene za gitaa. Silika ya mtu ni kuivuta spika mbele zaidi, na mezani haina pa kwenda. Fanya kinyume: isogeze karibu na ukuta kadiri nyaya za nyuma zinavyoruhusu. Shimo linapanda juu, kule ambako boksi lenyewe linazuia sauti isikimbilie nyuma, na besi ya chini inaongezeka. Ikizidi, ipunguze. Spika nyingi za aina ya studio zina swichi nyuma kwa kazi hiyo hiyo, moja ya ukuta na nyingine ya meza, ile ya meza ikikata sehemu iliyo karibu na Hz 160 hadi 200. Swichi hizo mbili zina thamani kuliko inchi moja ya koni.

Tundu la hewa lililoko nyuma ya boksi huwatia watu wasiwasi. Linahitaji nafasi ya kupumua, sentimita chache, kwa hiyo lililoko mbele linarahisisha mambo kwenye meza iliyobanana. Boksi lenye tundu hushuka chini zaidi, kisha besi yake inakatika ghafla, kama desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila Hz zinapopungua nusu. Boksi lililozibwa huanza kupungua mapema lakini taratibu, desibeli 12 kwa oktava. Kwa meza iliyo ukutani, hilo la pili hukutana na nyongeza ya ukuta na mara nyingi hulingana vizuri. Ni chaguo ambalo watu wanalipita haraka mno.

Halafu kuna masikio yenyewe. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipungua, masikio hupoteza besi kwanza. Aliyekaa mezani husikiliza kwa sauti ndogo siku nzima, na spika iliyonyooka kabisa kwenye karatasi itamsikika nyembamba. Hapo spika haina hatia. Ongeza besi kidogo kwa ekolaiza ya kompyuta, programu ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti, desibeli 3 au 4 chini ya Hz 150, bila kuona aibu. Kuhusu sabufa, boksi la ziada la besi tu, nitasema machache: inasaidia kama inakatwa karibu na Hz 80, isipige sauti zilizo juu ya hapo, na ni bora inunuliwe baadaye, ukishazijua spika zako.

Amplifaya ndani au nje? Mezani ninapendekeza ndani, hasa zile ambazo kila koni na kila twita ina amplifaya yake na mgawanyo wa sauti unafanyika kabla ya kufika huko. Mhandisi amekwisha kulinganisha kila kitu, na meza inabaki na nafasi. Hoja ya wanaotaka amplifaya ya nje ni ya haki: boksi lisilo na umeme ndani huweza kudumu miongo, na amplifaya ikifa unaibadilisha peke yake. Angalia tu mambo madogo yanayogusa kila siku. Kitufe cha sauti kiko wapi? Spika nyingi za studio zina kitufe nyuma ya kila boksi, na utahitaji kifaa kingine cha kuongozea sauti mkononi. Je, spika hujizima zenyewe muziki ukiwa mdogo? Baadhi hulala katikati ya kipande tulivu cha piano na kuamka zikiwa zimemeza sekunde ya kwanza ya wimbo unaofuata, na si kila moja ina swichi ya kuizuia tabia hiyo.

Nyaya zisikusumbue sana. USB inatosha. Ikitokea ngurumo ya umeme kwa sababu kompyuta na spika zimechomekwa kwenye soketi tofauti, waya wa mwanga (optical) hukata tatizo, kwa kuwa haupitishi umeme kabisa. Bluetooth ni sawa kwa muziki. Kwa video huchelewesha sauti kidogo.

Karatasi ya vipimo isome namna hii. "Hz 50 hadi 20,000" bila kuambiwa tofauti ya desibeli ni maneno matupu. "Ndani ya desibeli 3 juu au chini" ni ahadi. Bora kuliko yote ni mchoro wa vipimo unaoonyesha sauti ya mbele pamoja na ya pembeni. Floyd Toole, akiwa katika baraza la taifa la utafiti la Kanada, aliwakalisha watu nyuma ya pazia wasijue wanasikiliza spika gani, na wengi wakapenda zile ambazo mchoro wake wa mbele umenyooka na wa pembeni unashuka kwa ulaini, bila milima na mabonde. Kazi hiyo ilizaa njia ya upimaji inayotumika hadi leo, CTA-2034. Ukiupata mchoro huo wa spika unayoitaka, umepata zaidi ya maoni mia.

Ukizilinganisha spika mbili, sawazisha sauti zake kwanza. Inayopiga juu kwa desibeli 1 tu huonekana bora, na akili haikuambii kwamba imedanganywa.

Zikifika nyumbani, kata uzi wenye urefu sawa na umbali kati ya twita mbili, na kaa pale ambapo uzi huo unakufikia kutoka kila spika. Weka kioo bapa mezani ukisogeze huku umekaa. Mahali unapoiona koni ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda, na hapo ndipo pa kutandika kitambaa kizito. Kisha igeuze kompyuta ipige mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ile ile, weka sauti ya mtu mmoja, fumba macho. Mwimbaji anapaswa kusimama katikati, mwembamba, kwenye nukta moja nyuma ya skrini. Akielemea upande mmoja au akitawanyika, badilisha spika ya kushoto iende kulia, nyaya zibaki zilivyo. Kasoro ikihama pamoja na boksi, irudishe spika ulikoitoa. Ikibaki upande ule ule, angalia kona ya chumba, dirisha, au lile kabati lililosimama karibu na mkono wako.